Njama ya Baruti ya 1605: Mizizi Yake Haikuwa London

Kila mwaka ifikapo jioni ya tarehe 5 Novemba, anga la miji ya Uingereza hujaa fataki, mioto mikubwa huwashwa viwanjani, na mtu aliyehamia huko karibuni kutoka Mombasa au Dar es Salaam huuliza kuna sherehe gani. Majibu anayopewa huwa mafupi na mara nyingi hupotosha: eti zamani mtu mmoja aitwaye Guy Fawkes alitaka kulipua Bunge, akakamatwa, akachomwa moto. Wengine wanamjua kwa sura tu, kupitia barakoa nyeupe yenye masharubu na tabasamu ambayo huvaliwa na waandamanaji wa nchi nyingi, na hao huambiwa kwamba alikuwa mtetezi wa wanyonge dhidi ya serikali. Sikukuu ya Diwali nayo huangukia majira hayo hayo, kwa hiyo wapo wanaodhani kwamba fataki zote ni za sherehe moja.

Makala hii inahusu jambo ambalo majibu hayo huliacha kabisa, nalo ni mahali njama hiyo ilikotoka. Baruti iliwekwa London kwa sababu Bunge lilikuwa London. Lakini watu, fedha, farasi, silaha na hata uchungu uliowasukuma vilitoka kwingine: katika nyumba za mashambani za eneo la Midlands, katikati ya nchi, na kwa kiasi fulani katika kaunti ya Yorkshire upande wa kaskazini. Mtu akizifahamu koo za huko na jinsi zilivyooana, anaelewa kwa pamoja kwa nini njama ilizaliwa na kwa nini ilisambaratika ndani ya siku nne tu.

Tuyaweke sawa maneno machache kwanza. Njama ya Baruti ni mpango wa kumuua Mfalme James wa Kwanza siku ya kufungua Bunge, tarehe 5 Novemba 1605, kwa kulipua Baraza la Malodi wakati mfalme, maaskofu, majaji na wabunge wakiwa ndani. Wapangaji wanaotambuliwa ni 13, wote Wakatoliki. Midlands ni ukanda wa kati wa Uingereza, na kaunti zake zitakazotajwa hapa ni Warwickshire, Worcestershire, Northamptonshire na Staffordshire. Nitakaposema mabwana wa mashamba nitakuwa nazungumzia familia ambazo hazikuwa za malodi wakubwa, lakini zilikuwa na ardhi, wakulima walioikodi, watumishi na heshima katika kaunti zao. Karibu wapangaji wote walitoka tabaka hilo. Thomas Bates peke yake ndiye aliyekuwa mtumishi, na aliingizwa kwa sababu bwana wake alihisi kwamba ameshanusa jambo.

Uchungu wao ulikuwa na historia ndefu. Baada ya Mfalme Henry wa Nane kuvunja uhusiano na Roma mwaka 1534, na baada ya nchi kuyumba huku na huko chini ya watoto wake, Malkia Elizabeth wa Kwanza aliisimika imani ya Kiprotestanti kuwa imani ya dola. Sheria ya mwaka 1559 ilimtaka kila mtu ahudhurie ibada ya kanisa la serikali kila Jumapili, na asiyehudhuria alitozwa faini ya peni 12. Mtu mwenye ardhi aliweza kuimudu faini hiyo. Mwaka 1581 ilipandishwa hadi pauni 20 kwa mwezi, na hizo zilikuwa fedha ambazo fundi stadi wa wakati huo hakuzipata kwa mwaka mzima. Mwaka 1585 ukaja uzito mwingine: padri aliyepewa upadri ng'ambo akikutwa nchini alihesabiwa kuwa msaliti, na aliyemhifadhi nyumbani kwake alistahili kunyongwa.

Mzigo huo haukuziangukia kaunti zote kwa usawa. Ibada ya Kikatoliki isiyo na kanisa wala ulinzi wa sheria ilihitaji nyumba kubwa yenye vyumba vingi, mwenye nyumba jasiri, watumishi wasiotoa siri, na nyumba nyingine ya aina hiyo hiyo isiyo mbali, ambako padri angekimbilia msako ukianza. Midlands ilikuwa na mtandao wa nyumba za namna hiyo. Coughton, Baddesley Clinton na Lapworth ziko Warwickshire. Huddington na Hindlip ziko Worcestershire. Rushton na Ashby St Ledgers ziko Northamptonshire. Mpanda farasi mzuri aliweza kwenda kutoka moja hadi nyingine bila kulala njiani zaidi ya mara moja.

Ndani ya nyumba hizi kulijengwa maficho. Fundi wake mashuhuri, Nicholas Owen, alikuwa mtu mfupi wa kimo aliyefanya kazi usiku na peke yake, akichimba nafasi chini ya ngazi, nyuma ya mabomba ya moshi na ndani ya kuta, ili hata watumishi wasijue ziko wapi. Oktoba 1591 maofisa waliivamia Baddesley Clinton wakati kundi la Wajesuiti, yaani mapadri wa Shirika la Yesu la Kikatoliki, limo ndani. Mapadri wakasimama kwa saa kadhaa kwenye mfereji wa zamani wa maji machafu, miguu ikiwa majini, hadi wasakaji walipoondoka. Januari 1606, baada ya njama kuvunjika, Wajesuiti wawili, Henry Garnet na Edward Oldcorne, walijificha Hindlip katika tundu dogo wasiloweza hata kunyoosha miguu, wakilishwa mchuzi na vinywaji vya moto kwa unyasi uliopenyezwa kupitia bomba la moshi kutoka chumba cha jirani. Walitoka wenyewe baada ya takriban wiki moja, wakiwa hoi kwa kukosa hewa na choo. Ninayataja haya kwa urefu kwa sababu watoto waliokulia katika nyumba hizo walijifunza mapema kwamba kuna mambo hayasemwi mbele ya mgeni, na kwamba serikali ni watu wanaokuja alfajiri kugonga kuta.

Robert Catesby alikuwa mmoja wa watoto hao. Huyu ndiye kiongozi wa njama, si Guy Fawkes. Alizaliwa Warwickshire yapata mwaka 1572, na mwaka 1581, akiwa bado mtoto, baba yake, Sir William Catesby, alishtakiwa London pamoja na wenzake wawili, Lord Vaux na Sir Thomas Tresham, kwa kosa linalohusu kumpokea Mjesuiti Edmund Campion. Mama yake Catesby alikuwa binti wa ukoo wa Throckmorton wa Coughton. Mama yake Francis Tresham, mpangaji wa mwisho kuingizwa, alikuwa dada wa mama huyo; kwa hiyo Catesby na Tresham walikuwa watoto wa mama mkubwa na mama mdogo. Ndugu wawili wa Huddington, Robert na Thomas Wintour, nao walikuwa na damu ya Throckmorton kwa upande wa bibi yao mzaa baba. Dada yao, Dorothy, aliolewa na John Grant wa Norbrook, karibu na Snitterfield, kijiji alikotoka baba yake Shakespeare. Grant naye akawa mpangaji.

Upande wa baba wa Tresham unastahili kutazamwa peke yake. Sir Thomas Tresham wa Rushton alilipa karibu pauni 8,000 za faini kwa sababu ya imani yake, akafungwa kwa miaka mingi, na bado akapata nafasi ya kujenga. Kati ya mwaka 1593 na 1597 alijenga Rushton nyumba ndogo ya pembetatu ambayo ipo hadi leo: ina kuta tatu, kila ukuta una urefu wa futi 33 na inchi 4, ina ghorofa tatu, na madirisha yake yamepangwa matatu matatu kila upande. Jengo zima ni tangazo la Utatu Mtakatifu, limeandikwa kwa mawe kwa sababu kulitamka kwa mdomo kulikuwa na gharama. Alifariki Septemba 1605 na kumwachia mwanawe mali iliyojaa madeni. Baba alipinga kwa ujenzi na kwa kulipa faini; kizazi cha wana kilikuwa kimechoka kulipa.

Yorkshire iliingia kwa njia ya shule na ya ndoa. Guy Fawkes alizaliwa katika mji wa York na kubatizwa huko mwezi Aprili 1570, akasoma katika Shule ya St Peter's, ambako ndugu wawili, John na Christopher Wright, pia walisoma. Dada yao, Martha, aliolewa na Thomas Percy, aliyekuwa msimamizi wa mali za jamaa yake, Earl wa Northumberland. Mji wenyewe ulikuwa na makovu yake. Mwaka 1586 mwanamke mmoja wa York, Margaret Clitherow, mke wa mchinjaji, aliuawa kwa kulaliwa na mawe mazito kwa sababu alikataa kujibu shtaka la kuwahifadhi mapadri. Mwaka huo huo, katika mji huo huo, padri Francis Ingleby aliuawa hadharani. Na huyu Ingleby alikuwa mjomba wa akina Wintour wa Worcestershire, kwa kuwa mama yao alikuwa binti wa ukoo wa Ingleby wa Yorkshire. Kaskazini na Midlands, kwa maneno mengine, zilikuwa zimekwisha kuunganishwa na msiba kabla hazijaunganishwa na njama.

Malkia Elizabeth alipofariki Machi 1603, Wakatoliki wengi waliamini kwamba mrithi wake kutoka Uskoti angelegeza kamba. Thomas Percy alikuwa amekwenda kumwona James kabla hajatawazwa, akarudi na habari za matumaini. Faini zililegezwa kwa muda, kisha Februari 1604 mfalme akaamuru mapadri waondoke nchini, na faini zikarudi. Hispania, ambako Thomas Wintour alikuwa amekwenda mwaka 1602 kuomba msaada wa kijeshi, ilifanya amani na Uingereza mwaka huo huo wa 1604. Tarehe 20 Mei 1604 watu watano walikutana katika nyumba ya wageni mtaa wa Strand, London: Catesby, Thomas Wintour, John Wright, Percy, na Fawkes, ambaye alikuwa amerudishwa kutoka Flanders (sehemu ya Ubelgiji ya leo) alikotumikia jeshi la Hispania kwa miaka takriban kumi. Fawkes aliitwa kwa sababu aliijua baruti, na kwa sababu sura yake ilikuwa ngeni London.

Anayetaka kuelewa jinsi siri hii ilivyopanuka na afikirie kamati ya harusi. Huanza na watu wachache wa damu moja wanaoaminiana. Kisha fedha hazitoshi, anaongezwa shemeji mwenye uwezo. Kisha panahitajika usafiri, anaongezwa mwenye magari. Na ikifika mwezi wa mwisho kamati ina watu ambao wale wa kwanza hawakuwahi kuwafikiria. Njama ilipanuka hivyo hivyo. Ufunguzi wa Bunge uliahirishwa zaidi ya mara moja kwa hofu ya tauni, kodi ya ghala la kuwekea baruti London ikaendelea kulipwa, baruti ikaanza kuharibika ikabidi iongezwe, na mfuko wa Catesby ukakauka. Hapo ndipo Ambrose Rookwood wa Suffolk alipoingizwa kwa ajili ya farasi wake wazuri, Sir Everard Digby kwa ajili ya utajiri wake, na Francis Tresham, Oktoba 1605, kwa ajili ya urithi ambao ulikuwa umemfikia majuma machache tu yaliyotangulia. Rookwood alipangishiwa Clopton House, karibu na Stratford, na Digby akaikodi Coughton, ili wote wawili wawe karibu na mahali kazi ya pili ingefanyika.

Kazi hiyo ya pili ndiyo inayosahaulika. Mlipuko peke yake haukuwa mpango; mlipuko ungeacha nchi bila serikali, na mtu alipaswa kuikamata. Binti wa mfalme, Elizabeth, aliyekuwa na umri wa miaka tisa, alikuwa akilelewa Coombe Abbey, karibu na Coventry, ndani kabisa ya Midlands. Wapangaji walikusudia kumchukua na kumtangaza kuwa malkia chini ya ulinzi wao. Digby aliwaalika mabwana wa mashamba Wakatoliki Dunchurch, kijiji cha Warwickshire, kwa kisingizio cha kuwinda. Wageni wangefika na farasi, mbwa na silaha bila mtu kushangaa, na habari za London zikifika wangejikuta wamekuwa jeshi. Silaha zilikusanywa Norbrook kwa Grant. Ukiitazama ramani ya mpango huu, London ina nukta moja, na nukta nyingine zote ziko Midlands.

Kilichofuata kinafahamika zaidi. Tarehe 26 Oktoba Lord Monteagle aliletewa barua isiyo na jina iliyomwonya asihudhurie Bunge, naye akaifikisha serikalini. Monteagle alikuwa shemeji wa Tresham, kwa kuwa alimwoa dada yake, na wengi wamemshuku Tresham kuwa ndiye mwandishi, ingawa yeye alikana mbele ya wenzake. Yeyote aliyeiandika, undugu uliokuwa umeijenga njama ulikuwa sasa umeitoboa. Usiku wa kuamkia tarehe 5 Novemba Fawkes alikamatwa katika ghala lililopangishwa na Percy, chini ya ukumbi wa Malodi, penye mapipa 36 ya baruti yaliyofunikwa kuni. Ghala hilo lilikuwa usawa wa ardhi. Zipo habari za handaki ambalo wapangaji walidai kulichimba kabla ya kulipata ghala, lakini hakuna alama yake iliyowahi kupatikana.

Catesby na wenzake hawakukimbilia bandarini. Walikimbilia nyumbani. Rookwood, aliyebaki nyuma kusikiliza habari, alipanda farasi mmoja maili 30 kwa saa mbili hadi akawafikia. Jioni ya tarehe 5 walikuwa Ashby St Ledgers, kisha Dunchurch, ambako wageni wengi waliposikia ukweli walirudi makwao. Waliobaki walipitia kasri la Warwick kuchukua farasi kwa nguvu, wakapitia Norbrook kuchukua silaha, wakafika Huddington tarehe 6. Tarehe 7, mvua ikinyesha, walichukua silaha na baruti kutoka Hewell Grange, nyumba ya Lord Windsor, wakavipakia kwenye mkokoteni usiofunikwa. Wanakijiji waliwatazama tu. Walipoambiwa kwamba msafara ule ni wa Mungu na nchi, jibu lao lilikuwa kwamba wao wako pia upande wa Mfalme James.

Usiku huo walifika Holbeche House, Staffordshire. Baruti ilikuwa imelowa, nao wakaianika mbele ya moto wa jikoni. Cheche iliruka. Watu waliotaka kumlipua mfalme wakaunguzwa na baruti yao wenyewe, na Grant akapofuka macho. Wakati huo Thomas Wintour alikuwa ametumwa kwa John Talbot, baba mkwe wa kaka yake Robert, tajiri na Mkatoliki anayeheshimika, ambaye angeweza kuleta watu wengi. Talbot alimfukuza. Kwa maoni yangu hapa ndipo njama ilipokufa, zaidi ya pale ghalani London, kwa kuwa mtu aliyeteswa na sheria zile zile, mwenye imani ile ile, tena mkwe, hakuona sababu ya kutoka nje ya nyumba yake. Catesby alikuwa ameuchukulia mtandao wa ndugu zake kuwa ndio eneo zima, na mateso ya eneo kuwa ndiyo utayari wa kupigana. Mtandao uliozoea kuficha mapadri kwa miaka zaidi ya 20 ulikuwa umejifunza kunyamaza, na kunyamaza ndiko ulikofanya.

Asubuhi ya tarehe 8 Sheriff wa Worcestershire, Sir Richard Walsh, aliizunguka nyumba akiwa na watu takriban 200. Catesby na Percy walipigwa, inasemekana kwa risasi moja, na ndugu wawili wa Wright wakafa hapo pia. Tresham alifia gerezani Desemba. Waliosalia walihukumiwa mwishoni mwa Januari 1606 na kuuawa kwa siku mbili, tarehe 30 na 31. Fawkes hakuchomwa moto: alipanda ngazi ya kitanzi, akaanguka au akajirusha, shingo ikavunjika. Kinachochomwa kila Novemba ni sanamu yake.

Habari ya eneo hili inasaidia pia kupima madai mawili yanayorudi kila mwaka. La kwanza ni kwamba serikali, hasa waziri Robert Cecil, iliibuni njama nzima. Cecil aliitumia nafasi hiyo kwa ustadi, na maungamo ya Fawkes yalitolewa chini ya mateso, kwa hiyo kuyatilia shaka ni haki. Lakini msafara wenye silaha uliopita kaunti tatu mchana kweupe, ukaiba farasi Warwick na kupigana Holbeche, ulishuhudiwa na watu wengi ambao hawakuwa na haja ya kuteswa ili waseme walichokiona. La pili ni lile la barakoa, kwamba hawa walipigania uhuru wa watu wote. Walitaka kuondoa dola ya Kiprotestanti na kuweka ya Kikatoliki chini ya mtoto ambaye wao wangemwongoza; wakulima wa Worcestershire hawakuwa na nafasi katika mpango huo ila ya kufuata.

Waliolipa gharama ni Wakatoliki waliokaa majumbani mwao. Sheria za mwaka 1606 ziliongeza kiapo cha utii kwa mfalme na masharti mapya juu ya kazi na makazi yao, na sikukuu ya tarehe 5 Novemba ikawekwa kisheria hadi ilipofutwa mwaka 1859. Mkatoliki hakuruhusiwa kuketi Bungeni hadi sheria ya mwaka 1829. Familia ya Throckmorton haikuipoteza Coughton katika muda wote huo, wala haikubadili imani, na mwaka 1831 Robert Throckmorton akachaguliwa mbunge wa Berkshire, mmoja wa Wakatoliki wa kwanza kuingia Bungeni chini ya sheria hiyo.